Kampuni Kwenye Matuta

Faiza, mwenye hoteli ya chai Machakos mjini, alimrudishia Ndunge maziwa yake, mtungi mzima.

"Mama, wateja wanatema," alisema kwa huruma. "Ni machungu kama mwarobaini."

Ndunge alichovya kidole, akaonja, akakunja uso. Hakuhitaji kuambiwa ng'ombe wake amekula nini.

Alirudi kijijini Kalama amefura. Gugu alilokula ng'ombe lilikuwa na majani kama ya karoti na vichwa vidogo vyeupe, na ukilishika kwa mikono mitupu utajikuna mpaka ulie. Wanawake waliliita Kampuni, maana lilikuja na kampuni ya kokoto. Watu wa kokoto walikitafuna kile kilima cha kijiji mpaka mawe yakaisha, kisha wakajaza shimo kwa udongo uliobebwa na malori kutoka walikojua wao. Mvua za El Nino zilipokwisha, shimo lilikuwa kijani kibichi, na bango likasimamishwa: ARDHI IMEPONA. Imepona nini! Ilikuwa imeota upele.

Ndipo Aloys, msimamizi wa kampuni, alipokuja kuwabembeleza wanawake wa mwethya. Mwethya ni kulimiana: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, na nyimbo juu. Aloys alijua kusema. "Mama zangu, hesabuni kampuni ni mwenzenu. Tung'oleeni hili gugu, na siku mkiwa na kazi, vijana wangu watakuja kwenu na majembe." Akacheza hata ngoma kidogo, kiuno kigumu kama mti wa mlango, wakacheka, wakakubali.

Waling'oa shimo zima. Na walipomaliza, kila mmoja alijitwika mzigo wake wa magugu akaenda nao nyumbani. Mwanamke wa Ukambani hatupi takataka za shamba. Huzipanga kwenye ukingo wa tuta zizuie maji, zioze, zilishe udongo. Ndivyo mama zao walivyofanya, nao wakafanya vivyo hivyo, gugu likiwa limebeba mbegu tele kichwani.

Mvua iliyofuata, Kampuni iliota kwenye matuta ya kila mtu. Na kule shimoni, kwa mbegu zilizokuwa zimebaki udongoni, ikaota upya kama vile haijaguswa.

Jioni hiyo ya maziwa, Ndunge alikwenda moja kwa moja kwenye baraza la chifu. Aloys alikuwa amesimama mbele, akitangaza kwamba Ijumaa wakubwa watakuja kutoka Nairobi kulikagua shimo. Wakilipokea, kampuni inafungasha na kuondoka.

"Na matuta yetu?" Ndunge aliuliza, hata kabla ya kukaa. "Ulisema vijana wako watakuja."

"Mama, gugu la kwenu mlilibeba wenyewe. Kwa vichwa vyenu. Kampuni iliwatuma?"

Watu wengine wakacheka. Kavutha, jirani yake, akainamisha macho, maana ilikuwa kweli. Ndunge alihisi uso ukimwaka. Ndiyo, waliubeba ule mzigo! Lakini nani aliuleta hapa kwa lori?

"Kitendawili," alisema.

"Mama, hatuna wakati wa..." Aloys alianza.

"Tega!" baraza zima likaitikia.

"Nilimbeba mgeni wa jirani mgongoni. Sasa amelala kitandani mwangu, na jirani ananiuliza kwa nini sina adabu."

Aloys alitazama saa yake. "Sijui, Mama."

"Basi nipe mji."

"Haya, nakupa Mombasa."

"Mombasa ni yako? Hata hilo shimo lako unataka kulitoroka!"

Chifu akafunga baraza harakaharaka.

Kesho yake wanawake walikutana kwa Ndunge. Kavutha alitaka waandike barua. "Barua!" Ndunge alifoka. "Mwenzetu wa mwethya akikataa zamu yake bila sababu, sisi humwandikia barua?"

Kila mmoja alijua kinachofanyika. Wenzake huenda kwa huyo aliyekataa wakiimba, huchukua kuku au sufuria, na kitu hicho hakirudi mpaka yeye mwenyewe atoke akafanye kazi yake.

"Na kampuni haina kuku," Kavutha alisema polepole.

"Iko na viti."

Ijumaa asubuhi waliingia shimoni wakiimba. Viti vya wageni vilikuwa vimepangwa chini ya turubai. Mlinzi alifikiri ni kikundi cha kutumbuiza. Akawafungulia njia, akapiga na makofi. Walipotoka, kila kichwa kilikuwa na kiti.

Wageni walikagua wakiwa wamesimama, gugu likiwafikia kiunoni. Mama mmoja mkubwa wa ofisi, mwenye soksi nyembamba, alianza kujikuna miguu. Aliuliza viti viko wapi, na mlinzi, maskini, akamweleza ukweli. Mama huyo akapanda mpaka kwa Ndunge, akaona matuta, akashuka bila kulipokea shimo. "Nitarudi hapa pakiwa safi," alimwambia Aloys. "Hapa na kule juu."

Jumatatu Aloys alifika na vijana wake na majembe. Uso wake ulikuwa mchungu kuliko yale maziwa.

"Ng'oeni kabla halijachanua," Ndunge aliamuru. "Mikono ndani ya mifuko ya plastiki. Na hakuna mtu wa kupanga chochote ukingoni! Yote yachomwe." Hilo la mwisho aliwaambia wenzake wa mwethya, nalo lilimuuma yeye kwanza, maana naye alikuwa amepanga.

Jua lilipokuwa kali, Aloys alinyoosha mgongo akitafuta pa kukaa. Ndunge alimletea maji kwenye kikombe chake kizuri, kile cha wageni.

"Asante, Mama. Na kiti je?"

"Maliza tuta hili kwanza," Ndunge alisema, akavuta kiti kimoja cha kampuni kivulini, akakikalia mwenyewe.