Amecheka Sana

"Pole na msiba wa mzee," alisema Benigna, akimkabidhi ndizi ya kuchoma.

Gaudiosa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine bado uko kwenye pedeli. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri na njaa ilikuwa inamsokota. Aliipokea ndizi, akauliza msiba wa mzee gani. Benigna huuza ndizi na parachichi karibu na stendi ya Muleba, na kila Jumatano hushuka Kemondo kununua dagaa kwa Gaudiosa mwenyewe; si mtu wa kutania mambo kama hayo. Kwanza alitabasamu, akidhani uchovu wa safari umempotezea mwenzake kumbukumbu. Kisha akauona uso wake.

"Si mzee wako, Ta Kaijage?" alisema taratibu. "Tulimzika, dada. Mimi mwenyewe nilikuja kwenu Izigo. Wiki tatu sasa zimepita."

Gaudiosa aliuliza ilikuwa siku gani. Jumamosi. Jumamosi ipi? Benigna akahesabu kwa vidole, akarudia, akaitaja. Jumamosi hiyo Gaudiosa alikuwa Kisumu, nje ya nyumba ya wageni, akipaka mafuta cheni na kupiga mluzi. Hicho ndicho kilichomchoma kwanza, kabla hata ya kifo chenyewe: kwamba alikuwa anapiga mluzi.

Aliirudisha ndizi bila kuing'ata, akapanda baiskeli.

Siku arobaini na saba alikuwa amelizunguka ziwa. Alitoka Bukoba mjini ziwa likiwa mkono wa kulia, akavuka Mutukula, akapita Masaka na Kampala, akaingia Kenya, akateremka Musoma hadi Mwanza, akavuka kwa kivuko, na sasa alikuwa anarudi kwa kusini, ziwa bado mkono wa kulia. Alikuwa peke yake, juu ya baiskeli ya chuma isiyo na gia, ile ile anayobebea magunia ya dagaa kutoka Kemondo kwenda kwenye vilima vya Muleba. Watu walimcheka alipoanza. Mama wa miaka thelathini na tisa, mchuuzi wa dagaa, anakwenda kuzunguka ziwa! Wengine walisema ana mume Uganda. Alipofika Jinja bila kuanguka, wale wale waliacha kucheka, wakaunda kamati ya kumpokea.

Lakini safari ile haikuwa ya kamati. Ilikuwa ya baba yake. Kaijage alikuwa kuli katika bandari ya Kemondo kwa miaka thelathini na mmoja. Alipakia kahawa, akapakia ndizi, akapakua saruji na sukari, na kila gunia lilikuwa limeandikwa jina la mahali ambako hakuwahi kufika: Port Bell, Kisumu, Musoma. Maisha yake yote aliyabeba majina hayo begani, na meli ikaondoka nayo. Uzeeni, mgongo ulipokwisha, alikuwa anamuuliza kila mgeni bandari za wenzetu zikoje, na hakuna aliyemjibu kikuli. Walimweleza mahoteli. Ndipo Gaudiosa akamwambia kwamba atakwenda kuziona kwa macho, arudi, akae mbele yake amsimulie zote, ngazi kwa ngazi, winchi kwa winchi. Mzee alisimama. Alikwenda akaleta spana, akamkazia spoki za gurudumu la nyuma.

Kila Jumapili Gaudiosa alipiga simu nyumbani kwa kitochi chake. Mwanzoni aliongea na baba yake mwenyewe. Baadaye simu ikawa inapokelewa na Avit, kaka yake mkubwa. Mzee amelala. Mzee ameenda kanisani. Mzee masikio yanamsumbua, sema nimfikishie. Naye alisema. Akiwa Kisumu alisema: mwambie Taata nimewaona kuli wawili hapa wanabebea bega la kushoto. Kaijage aliapa siku zote kwamba abebaye kwa bega la kushoto ni mvivu au mwizi. Alingoja kidogo kwenye simu, na Avit akarudi na jibu.

"Nimemwambia. Amecheka sana."

Mzee alikuwa kaburini tangu jana yake.

Barabara ya kutoka Muleba ina milima ambako wachuuzi hushuka na kukokota baiskeli. Siku hiyo Gaudiosa hakukokota. Alipanda yote akiwa amesimama juu ya pedeli, meno yameumana, malori yakimpigia honi na wanafunzi wakimpungia mkono. Hakulia. Alikuwa na hasira mno hata machozi yalikosa nafasi. Alikuwa anazirudia Jumapili moja moja. Musoma: mwambie samaki wao ni wadogo kuliko wetu. Amecheka. Mwanza: mwambie mawe yamekaa majini kama ng'ombe wanaokunywa. Amecheka, amesema hata yeye angependa kuyaona. Hapo Avit hakuishia kuficha. Alikaa akatunga. Alimpa maiti maneno ya kusema.

Kwetu habari ya kifo haitupwi kama jiwe, hilo lijulikane. Mtu akitoka safari hukaribishwa, hukalishwa, hupewa maji na punje za kahawa atafune, ndipo mzee mmoja akohoe na kusema lililopo. Ni desturi nzuri, ina huruma ndani yake. Lakini ni desturi ya saa moja. Avit aliivuta kwa wiki tatu, akaifanya kamba ya kumfungia dada yake barabarani.

Aliwasikia kabla ya kuwaona. Pale njia ya kwao inapoachana na lami, Izigo, wanawake wa jumuiya walikuwa wanaimba na kupunga matawi. Walivaa fulana nyeupe zenye picha ya Gaudiosa, picha ya kitambulisho aliyopigwa akiwa amenuna. Avit alikuwa mbele, simu juu, anarekodi. Kando yake alisimama Privatus, mwenyekiti wa kamati kutoka mjini, mtu mwenye viatu safi.

Gaudiosa alishuka. Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowauzia dagaa tangu ujana wake. Kila mmoja alikuwa amesimama kwenye kaburi la baba yake. Na kila mmoja alikuwa anaimba. Walimpokea baiskeli, wakampeleka nyumbani kwa vigelegele, wakamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa. Mama yake, Ma Magdalena, alitoka jikoni, akamshika mikono yote miwili, akageuka upesi akarudi jikoni. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa, na juu yake wamemfunga kitambaa chekundu cha sherehe.

Kupitia dirisha Gaudiosa aliona kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Nyuma ya mibuni, pale walipolala babu na bibi, kulikuwa na rundo la majani makavu ya mgomba lisilokuwapo zamani. Lilikuwa refu, limepangwa vizuri, urefu wa mtu.

Walikuwa wamemfunika.

Angeweza kusema hapo hapo. Hakusema. Aliamua kuwaacha waendelee, kwa ubaya tu, na mimi simlaumu. Alikunywa maji. Alitafuna kahawa. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida: "Taata yuko wapi?"

Nyimbo zilipungua. Avit alishusha simu, akasema mzee amelala, alikesha akimngoja mtoto wake. Mwanamke mmoja akaitikia kwamba ni kweli, amepumzika. Privatus akaingilia kuokoa jahazi: alieleza kwamba kesho saa nne ndio kilele, pale pale Bukoba alipoanzia, bendi imeshalipwa, viongozi watakuwepo, zimebaki kilomita thelathini na kidogo tu na mzunguko unafungwa. Mwanamke wa kwanza wa mkoa!

"Na nilipompelekea habari za Mwanza," Gaudiosa alimuuliza kaka yake, "alisemaje?"

"Nilikwambia. Alicheka sana."

"Alichekea wapi, Avit? Nyumbani, au pale chini ya majani?"

Matawi yaliteremka. Kijiko kilianguka jikoni na hakuna aliyekiokota.

Mzee Rutaihwa, jirani yao, aliyebeba magunia na marehemu huko Kemondo, ndiye aliyekohoa. Alijaribu kuutengeneza msiba kwa maneno ya utu uzima: kwamba aliye njiani hatupiwi kifo, kwamba angeangushwa na gari, kwamba hasira hasara. Gaudiosa alimjibu kwa adabu, maana alimheshimu, kwamba Kisumu kuna mabasi, na kwamba mtu aliyeketi ndani ya basi haanguki.

Avit alikuwa amekaa sasa, uso umelowa. Si mtu mbaya. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mlezi wa kibanja, mtu anayependa jina lake litajwe vizuri, na penye mapenzi ya namna hiyo uongo hukuta mlango wazi. Alisema alifanya kwa ajili yake. Alisema angerudi njiani, wangemcheka maisha yake yote, mama dagaa aliyeshindwa. Kisha akasema neno ambalo, nadhani, alikuwa amelitunza kwa siku hiyo.

"Taata mwenyewe alikataza. Alisema: mwacheni amalize."

Watu walishusha pumzi. Lilikuwa neno zuri. Kwa neno kama hilo msiba wote ungekaa sawa: mzee anakufa kwa ushujaa, binti anamaliza kwa heshima yake, bendi inapiga. Hata Gaudiosa alihisi hasira yake ikilegea, ikitafuta mahali pa kuketi.

Ma Magdalena alisimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa amekifungua kile kitambaa chekundu, amekishika mkononi.

"Hapana," alisema. "Usimsingizie marehemu. Jumatano alisema, mwiteni Gaudiosa. Alhamisi asubuhi akarudia. Avit ukasema umempigia na yuko kwenye basi. Akawa anautazama mlango mpaka alipokwisha."

Avit alifunika uso.

"Na mimi nilikuwepo," mama akaongeza. "Nilijua hukupiga. Nikanyamaza. Nami nisemwe."

Ndipo Gaudiosa akalia, na hakikuwa kilio cha kuombewa leso. Aliwatukana. Alimtukana kaka yake kwa Kihaya, maneno ambayo mtoto wa kike hasemi mbele ya wazee, na wazee wakainamisha vichwa wakayapokea. Alimwambia mama yake kwamba hajui atamsamehe lini. Alimtukana hata baba yake, kwa kufa kama mtu aliyekosa subira. Wanawake walianza kuvua fulana mmoja mmoja, wakizikunja picha kwa ndani, wakabaki na nguo zao za shamba. Privatus, maskini, alichagua wakati huo kuuliza kama kesho wanaweza kusogeza iwe saa sita.

Gaudiosa alimgeukia.

"Mlimzika bila mimi ili nimalize. Sasa simalizi."

Privatus alitaja bendi. Alitaja viongozi. Alisema kilomita thelathini ni kitu gani kwa mtu aliyetoka Kisumu, hata akipelekwa kwa gari na baiskeli juu, ashushwe pale mwanzo wa mji. Gaudiosa aliinuka kitini. Alitoka nje, akaenda nyuma ya mibuni, akayaondoa majani makavu kwenye kaburi kwa mikono yake, kumbatio moja baada ya jingine, akayabeba mpaka sebuleni. Alivisogeza viti vya mapokezi ukutani. Akayatandaza majani sakafuni, yote, kama yanavyotandazwa mwenye nyumba anapofariki, kisha akavua viatu akaketi juu yake, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani.

"Msiba wangu unaanza leo," alisema. "Siku nne. Anayetaka kwenda, aende."

Mwenyekiti alikwenda. Wengine walisimama, wakitazamana. Haijapata kuonekana mtu mmoja kuliliwa mara mbili, na mzee Rutaihwa alitaka kulisema hilo, badala yake akavaa kofia, akaenda kwake. Ma Magdalena ndiye aliyevua ndala zake kwanza. Alikaa kwenye majani, si karibu na binti yake, bali upande wa pili, mahali anapokaa mtu asiyejua kama amekaribishwa.

Asubuhi iliyofuata jua lilitoka vizuri. Ilipofika saa nne simu ya Avit ilianza kulia mfukoni mwake. Alikuwa amekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aingie na hakuna aliyemfukuza. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mara ya tano aliitoa, akaizima, akaiweka chini kwenye vumbi.

Ndani, Ma Magdalena aliuliza kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu, Kisumu kukoje. Gaudiosa alikuwa macho. Alikuwa na bandari nne kichwani, zimepangwa kwa zamu yake, kila moja na ngazi zake na harufu yake, na hakuwa amempa mtu yeyote hata moja. Alifungua mdomo. Aliufunga tena, akageukia ukuta.

Njiani, mzee Rutaihwa alikuwa anashuka kwenda kupalilia, jembe begani, kazi ambayo kwetu haishikwi penye msiba wa jirani. Alipofika usawa wa nyumba aliona majani yametokeza mlangoni, na mwalimu amekaa chini. Alisimama. Kisha akaliteremsha jembe, akaliegemeza kwenye mbuni wa kwanza, akavua kofia.