Ngoma ya Michikichini

Mume wangu Grégoire alikuwa mwalimu wa nyimbo katika misioni ndogo, njia ya Kasongo kwenda Kabambare, na kwa maneno alikuwa mchoyo. Nyimbo za Mungu alizitunga kimya, akazificha hata kwangu mpaka ziishe. Nikinuna, anatabasamu.

"Usiniulize, Victorine. Wimbo ukitoka mu kinywa mbele ya kuiva, unakimbia."

Safari hii nilijua anatunga nini, na subira sikuwa nayo. Binti yetu alikuwa amefariki saa ile ile aliyozaliwa, kabla mtu hajakumbuka maji ya ubatizo. Padri alisema kwa upole kwamba mtoto asiyebatizwa hawezi kulala makaburini, penye msalaba. Tukamzika nje ya uzio, kwenye michikichi, bila jina. Tangu hapo Grégoire alisali rozari na kutunga, kutunga na kusali, akimwomba Bikira Maria amfungulie mtoto mlango. Aliogopa Padri akijua ataukataza wimbo.

Basi maneno aliyafungia kifuani. Lakini mapigo aliyajaribu kwa fimbo zake mbili, kwenye ile ngoma ya mti ya kuitia watu misa. Shule ya makatekista ilimfundisha noti hadi akasahau kwamba kwetu ngoma hiyo husema. Sauti ya lugha yetu, Kizimba, hupanda na kushuka, na ngoma hupanda na kushuka nayo. Sisi wanawake, katika shamba la pamba ya serikali, tulisikia kila neno: Mtoto usiye na jina, uko wapi? Nililia huku nachuma. Wenzangu walijifanya hawasikii, na ninawashukuru.

Mchana mmoja ngoma ya Grégoire iliuliza tena, na michikichini ngoma nyingine ikajibu. Kule hakuna ngoma. Ilikuwa sauti ndogo, kama kidole kinachogonga kibuyu. Niko hapa. Munaniita nani?

Wanawake walitupa vikapu wakakimbia. Mimi nilikimbilia misioni. Nilimkuta Grégoire mbele ya ngoma, fimbo zimelala miguuni pake.

"Iko anauliza jina," akasema. "Siwezi kumupa. Padri alikataza jina bila maji."

"Unamuita kila siku, na kijiji kizima kinasikia. Sasa unamunyima?"

Akainamisha uso. Kumbe hakujua kabisa kwamba tulikuwa tunamsikia.

Kwetu mwanamke hagusi ngoma ile. Nilichukua fimbo zake, nikamwomba Bikira Maria anisamehe, mama kwa mama, nikapiga kwa nguvu zangu zote: Wewe ni Faida, Faida yetu.

Tukangoja. Hapakuja jibu, wala siku ile wala baadaye. Grégoire husema mlango umefunguliwa, na mimi naamini. Ila nikipita kwenye michikichi husimama nikatega sikio. Mwanangu alizaliwa hakulia, na sauti ile ndiyo pekee niliyowahi kuisikia kwake. Mimi mwenyewe ndiye niliyeinyamazisha.