Mwishoni mwa Waya

Kazi aliyopewa mzee Kipkirui ilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: kusimama kando ya kigingi cha chuma, kukimwagia maji ya chumvi na kufukuza ng'ombe. Kigingi kilikuwa mwishoni mwa waya mrefu uliopita shamba lake la chai, ukavuka kilima, ukashuka hadi kwenye mashine ya Injinia Edinah upande wa pili. Huko yeye na vijana wake walikuwa wakipitisha umeme ardhini ili kutafuta joto la kuzalishia stima. Mwaka huo wa 1994 hakuna nyumba hata moja pale kilimani iliyokuwa na stima, lakini hayo tuyaache.

Kipkirui aliipenda kazi hiyo kwa sababu ya redio koli aliyoachiwa ya kuzungumzia na Edinah.

"Kipkirui, uko tayari?" Edinah aliuliza kila mara kabla ya kupima.

"Niko tayari."

"Haya, simama mbali na chuma. Natuma."

Umeme ulipita, yeye akasubiri, kisha sauti ikarudi: "Asante, Kipkirui." Tangu mkewe Tecla azikwe, na watoto wahamie mashamba makubwa ya Kericho wakasahau njia ya nyumbani, hakuna mtu aliyemwita kwa jina. Majirani walisema "yule mzee", tena wakiongea na mtu mwingine. Siku nyingine alikamua, akapika, akalala, bila kutoa neno kinywani. Upweke wa namna hiyo unamla mtu, na asikudanganye yeyote kwamba wazee huuzoea.

Wiki ya tatu, wakinywa chai, Edinah alimweleza wanachotafuta. Mawe makavu yaliyopoa huuzuia umeme. Penye joto, huko chini kuna maji ya moto yenye chumvi, na hapo umeme hupita bila taabu. Mpaka sasa walikuwa wamekuta mawe tu.

"Kesho tukikosa tena, tunafunga virago," alisema.

Kipkirui alijilaza tu usiku ule, bila usingizi. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani ya chai, alibeba gunia zima la chumvi ya ng'ombe, akaikoroga kwenye ndoo, akaenda kigingi kwa kigingi, chake na vile vingine vilivyopangwa kando ya waya, akimwaga. Kama ardhi ilitaka chumvi ndipo wageni wakae, basi angeipa.

Ila alisahau ng'ombe, yeye aliyefuga maisha yake yote. Jua lilipopanda, ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamevunja ua wakilamba udongo, na vigingi viwili walikuwa wameshaving'oa. Edinah alizima mashine, akapanda kilima kwa miguu, akaliona gunia tupu.

"Hii chumvi ni wewe, mzee?"

"Ni mimi. Nilitaka umeme ipite vizuri, mpate hiyo joto. Mkae."

Edinah hakukasirika; afadhali angekasirika. Alisimamisha vigingi upya, akashuka kupima, akarudi akitembea polepole.

"Chumvi inasaidia umeme kuingia tu," alisema. "Kile tunapima kiko chini sana, gunia yako haiwezi fika huko. Ni mawe, mzee. Tunaenda leo."

"Na mngepata joto?"

"Bado tungeenda. Kuchimba si kazi yetu. Wangekuja watu wengine na mitambo, watu hata hawakujui."

Kipkirui alimrudishia redio.

"Hata hao wangenifaa," alisema.

Edinah alimshika mkono, akashuka zake. Upande wa pili vijana walikuwa wameanza kukunja waya. Kipkirui aliuinua mwisho wake juu ya michai usije ukanasa, akauachia kidogo kidogo kadiri walivyovuta, mpaka ukamtoka mkononi.