Benchi la Nana Ataa

Siku kumi kabla ya usaili wa kuingia chuo cha udaktari, Dufie alikuwa ameketi uani kwao, nje kidogo ya Kumasi, akikariri maswali hamsini aliyoandikiwa na Mwalimu Baidoo, huku mama yake akikaanga ndizi za kuuza. Alikuwa amefikia swali la tatu, kwa nini unataka kuwa daktari, bibi yake, Nana Ataa, alipoingia na benchi la hospitali kichwani. Nana Ataa alikuwa amefia kwenye benchi hilo mwaka juzi, namba arobaini na moja ikiwa mkononi, akimsubiri daktari aliyekuwa peke yake wilaya nzima. Nyuma yake walikuja marehemu wengine wanne wa siku ile, pamoja naye wakiwa namba thelathini na tisa hadi arobaini na tatu.

"Kunja miguu, mwanangu, watu wapite," mama yake akasema, akageuza ndizi.

Wakaketi. Dufie akaendelea kukariri. "Tangu utotoni nimekuwa na moyo wa kuwasaidia..."

"Haya, kasuku kaanza!" Nana Ataa akasema. "Mgeni hajapewa maji, hajaulizwa kilichomleta, wewe unamsomea hotuba? Kakulea nani wewe?"

Dufie akaona haya kwelikweli. Kwao mgeni hupewa kiti, kisha maji, ndipo akaulizwa safari yake, na kabla ya hapo hakuna asemaye neno la maana. Akaleta maji kwa kikombe cha bati, akaanzia kulia kama ipasavyo. Halafu akauliza. Mzee wa namba thelathini na tisa akasema kifua humbana akipanda ngazi. Msichana wa namba arobaini na tatu akasema mimba yake ina miezi saba na anatokwa na damu tangu alfajiri. Kule hospitali hakuna aliyekuwa amewauliza.

Wakawa wanakuja kila alasiri. Jua lilichelewa kutua mpaka wa mwisho amalize kujieleza, na wateja wa ndizi waliwaamkia wagonjwa, wakawapa pole, wakaenda zao. Karatasi ya Mwalimu Baidoo ikaishia kufungiwa ndizi za mteja.

Siku ya usaili walifuatana naye, benchi likiwa kichwani kwa Nana Ataa. Kijana aliyemtangulia alitoka akicheka. "Haya, mjomba, nisalimie shangazi," alikuwa akimwambia mwenyekiti wa jopo. Dufie akaingia, marehemu wakaketi nyuma yake. Maprofesa watatu walikuwa mezani, na mbele yao chupa kubwa ya maji na glasi.

"Kwa nini unataka kuwa daktari?" mwenyekiti akauliza.

Dufie aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani, na jibu alikuwa nalo, tena la kweli. Lakini wakubwa zake walikuwa wameketi kwenye benchi, midomo mikavu. Akaichukua ile chupa, akawamiminia kutoka kulia kwenda kushoto, akawauliza mmoja mmoja. Wakajieleza taratibu, maana safari hii walikuwa wamezoea.

Mwenyekiti akatazama saa. "Hao hawamo kwenye orodha yangu. Na dakika zako kumi zimekwisha, binti. Rudisha chupa."

"Na maji nayo yamekwisha, Profesa."

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Yule kijana wa mjomba alipata. Dufie aliwekwa kwenye orodha ya wanaosubiri, namba arobaini na nne, na wilaya ikaendelea na daktari wake mmoja. Alilia mpaka macho yakavimba.

Alasiri hiyo marehemu wakaja kama kawaida. Nana Ataa akaishika karatasi ya majibu, akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri.

"Arobaini na nne," akasema. "Kumbe unatufuata." Akamgusa kiwiko yule msichana mwenye mimba. "Sogea kidogo, mama, mtoto akae."

Wakasogea. Benchi likarefuka kwa upana wa mtu mmoja, Dufie akaketi mwisho, upande wa kushoto.

Mama yake akaepua kikaango, akanawa mikono, akaleta maji. Alianzia kulia. Alipomfikia binti yake akampa kikombe, akamngoja anywe, kisha akamuuliza kilichomleta. Dufie akafuta mdomo, na kwa kuwa sasa alikuwa ameulizwa, akamweleza kwa nini anataka kuwa daktari.