Mashine Isiyonguruma

Juu ya meza yake ya kazi Bisibisi alikuwa amebandika karatasi yenye maneno haya: "Ukiisikia kompyuta yangu, nirudishie." Wateja walicheka wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Kazi yake ilikuwa kuchukua kompyuta za zamani, zile zenye makasha mazito ya rangi ya maziwa yaliyochacha, kuzitoa matumbo yote na kuzitia bodi mpya ndogo kama kiganja. Nje kizee, ndani kijana, na zikiwaka zinatulia tuli kama maji mtungini. Kimya kile ndicho kilichokuwa sahihi yake.

Basi kompyuta ya baba yake ilipokata roho, hakuona kazi ya kumtoa jasho. Alisema siku mbili. Wiki ya tatu ilimkuta bado amepiga magoti chini ya meza ya mzee, waya mdomoni, akilaani kila aliyewahi kutengeneza skrubu.

Baba yake alikuwa mpigachapa wa ofisi kwa miaka thelathini na minne, na sasa macho yalikuwa yanamwishia. Daktari alisema yangezima kabisa kabla ya mwaka kwisha. Vidole vyake havikuhitaji macho, vilijua vinakokwenda. Lakini kila asubuhi mzee alitaka kusoma alichoandika jana, pua ikigusa skrini, herufi zimekuzwa kama za bango. "Kuandika gizani naweza," alisema. "Kusahihisha gizani siwezi."

Alichokuwa akiandika ni habari za marehemu mkewe, mama yake Bisibisi, aliyefariki binti akiwa wa miaka miwili. Bisibisi hakuwa na kumbukumbu yake hata moja, ila picha ya kitambulisho ambayo hata haikutabasamu. Alikuwa amemsihi mzee azungumze tu, simu irekodi, mambo yaishe. Mzee alikataa katakata.

"Mdomo hutia chumvi, mama. Vidole vyangu havijawahi."

Wala hakumruhusu kusoma kabla hajamaliza. Chungu chake, alisema, hakifunuliwi kikiwa jikoni.

Kwa hiyo mtu asishangae kwamba Bisibisi alikuwa na haraka. Kwenye diski laini, ile bapa ya zamani ambayo mzee alihifadhia kazi yake, alivua kurasa mia na kumi na saba dakika chache kabla haijafa moja kwa moja. Kibodi mzee alikataza isiguswe, nayo ilimtesa kuliko vyote: bodi mpya haikuwa na tundu la waya wake, na kifaa cha kuziunganisha kilimfanya mzee apige "mama" ikatokea "nana". Siku nne zikaliwa hapo. Matundu ya skrubu hayakulingana, akatoboa mengine. Kioo kipya kilipwaya kwenye fremu, akakikaza kwa vipande vya raba vilivyokatwa kwenye kandambili. Pale mbele palipokuwa na mdomo wa kuingizia diski laini, aliziba kwa bamba safi. Kichuma kilichokuwa kikiisoma, pamoja na takataka nyingine zote, akakitupa kwenye boksi.

Mwishowe akawasha. Haikutoa hata pumzi. Bisibisi alijisikia fahari, akamkalisha baba yake kitini.

Mzee akaandika ukurasa mzima bila kukosea, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Akakaa, mikono mapajani. Akangoja.

"Haijasevu," akasema.

"Imesevu, Baba."

"Haijasevu."

Bisibisi akamwonyesha faili, limekaa pale pale, zima kabisa. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemkubalia muuzaji ili amwondokee. Kesho yake neno likawa lile lile. Na keshokutwa. Bisibisi akabadilisha diski. Akabadilisha waya. Akaifuta programu, akaiweka upya, akaweka na kisanduku cha kijani kinachoandika IMEHIFADHIWA kwa herufi ambazo hata jirani angezisoma. Mzee alikisoma, akakuna kidevu.

"Sijui, mama. Naona haijakubali."

"Haijakubali nini? Mashine haina moyo, Baba! Imesevu! Mara ngapi nikuambie?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Unanichosha!"

Mzee hakupandisha sauti yake. "Wewe una siku nyingi, ndiyo maana unachoka. Mimi nina chache, wala sina nafasi ya kuchoka." Akapapasa ukuta, akatoka kwenda kuota jua.

Bisibisi aliumia, tena aliumia zaidi kwa sababu mzee alikuwa na haki. Akakaa kwenye kile kiti, akafungua kabrasha la kurasa ili atafute kosa. Palikuwa na ukurasa wa mia na kumi na saba. Palikuwa na wa mia na kumi na nane. Kisha wa mia na kumi na nane tena, na tena, mara thelathini na moja. Mzee alikuwa akiuandika ukurasa ule ule mmoja kila siku, tangu mwanzo, kama mtu anayejaza maji kwenye pakacha. Mwezi mzima wa macho yake ulikuwa umeishia pale.

Hakutaka kusoma. Lakini jicho halina pazia, likaangukia mstari wa mwisho: "Ulipozaliwa, kabla hata hawajakufuta, neno la kwanza alilosema mama yako lilikuwa." Ukurasa uliishia hapo. Neno lenyewe lilikuwa kwenye ukurasa ambao mzee hajaufikia.

Shangazi yake, dada wa mzee, akaingia na ufagio. Ndiye aliyempa lile jina la Bisibisi, na hakuwa mtu wa kuona hasira ya mwenzake akaipita bila kuichokoza.

"Mashine yako imeifanya nyumba kama ina msiba," akasema. "Zamani nikisikia krrr, krrr, najua kaka kamaliza ukurasa, nainjika chai. Siku hizi sijui aandika au kalala. Chai yenyewe anakunywa ya baridi."

Bisibisi akageuka kitini.

"Shangazi. Krrr gani?"

"Krrr! Si ile ya kwenye mdomo wake pale, ulipopaziba."

Miaka yote hiyo mzee alikuwa akiamini kwa masikio, pengine bila kujua mwenyewe, na yeye fundi, kwa kiburi cha kimya chake, alikuwa amemnyang'anya jibu. Akakimbilia boksi la takataka. Kile kifaa cha kusomea diski laini hakikuwamo.

"Unatafuta nini? Kile kichuma? Nimekitia chini ya mguu wa kitanda changu, kilikuwa kinayumba."

Kitanda kikainuliwa, kikawekewa tofali. Alasiri nzima Bisibisi alikisafisha kile kichuma, akang'oa lile bamba safi, akakirudisha mahali pake. Hakikuwa na kazi tena duniani. Akakiandikia amri moja tu: kila faili likihifadhiwa, nguruma.

Mzee akaitwa. Akaandika ukurasa wa mia na kumi na nane kwa mara ya thelathini na mbili, akabonyeza. Krrr. Krrr, krrr. Mabega yake yakashuka. Jikoni kifuniko cha birika kikalia.

"Haya," akasema mzee. "Sasa umetengeneza." Na vidole vikaenda mbele.

Bisibisi alisimama nyuma yake akijitahidi kutazama ukuta. Akashindwa. "Baba, alisema nini?"

Vidole vikasita. "Umefunua chungu."

"Nimefunua. Nisamehe."

Mzee akamalizia mstari. "Ngoja isevu kwanza." Akabonyeza, wakaisikiliza wote wawili hadi ilipomaliza, ndipo akasogea pembeni. Bisibisi akainama, akasoma: "Mbona kimya? Mfinyeni, nimsikie."

Alilia pale pale, bila kujificha.

"Mkanifinya?" akauliza.

"Tukufinye wapi? Hatujakugusa, ukapiga yowe. Hujanyamaza mpaka leo." Mzee akavuta kiti chake karibu na skrini. "Haya, nipishe mwanga, bado kuna mengi."