Siku Sinema Ilipokosa Sauti Tindiga

Gari la sinema lilikuwa halijatoka hata Mikumi, lakini uvumi ulishaenea Tindiga nzima. Filamu za mazingira ni chambo, watu walisema. Mkishajazana ghalani mtapigwa picha, kisha itatangazwa kuwa mmekubali hifadhi ya wanyama isogezwe mpaka mashambani kwenu.

"Sinema ya bure!" walicheka vijiweni. "Nani alikupa cha bure ukalala salama?"

Maneno hayo yalimchoma Magdalena, maana filamu mojawapo ilikuwa yake. Alikuwa mkulima wa mpunga kama wenzake, ila alikuwa amehudhuria mafunzo Kilosa mjini, akajifunza kupiga video kwa simu. Msimu mzima aliurekodi Mto Miyombo ukila kingo zake na kumeza mashamba. Waliozungumza ndani ya filamu ni wanakijiji wenyewe. Wasipokuja kuitazama, aliitengeneza ya nini?

Akamfuata Mzee Hussein, ambaye neno lake lilikuwa na uzito msikitini na sokoni pia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umeleta habari za sinema, rudi nazo."

"Mzee, wewe mwenyewe umo. Si ulinionyesha kilipokuwa kisima cha marehemu baba yako, ambapo sasa mto unapita?"

Mzee akamtazama. "Nimo mimi?"

"Umo. Na hiyo ndiyo itakayoanza. Ukiona lolote la kuuza ardhi yetu, ondoka na watu wako wote."

Jumamosi alasiri, kwa neno la Mzee Hussein, ghala la mpunga lilifurika. Madirisha yalizibwa kwa maturubai ili giza lipatikane. Wakulima walikaa mbele. Wafugaji walisimama mlangoni na fimbo zao. Tangu ng'ombe waingie kwenye mpunga, pande hizo mbili hazikuwa zikisalimiana.

Octavian, fundi aliyetoka Mikumi, akawasha projekta. Mto Miyombo ukatokea kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, watu wakapiga vigelegele. Kisha uso wa Mzee Hussein ukajaa ukutani, mdomo ukafunguka, na hakuna kilichosikika. Spika ilikuwa imekufa. Octavian alihangaika na nyaya, akatikisa kichwa.

"Si niliwaambia?" mtu akafoka. "Wanatuficha maneno!"

Miluzi ikaanza. Mabenchi yakakwaruza sakafu, watu wakainuka. Kazi yote ya Magdalena ilikuwa inatoka mlangoni na watu wale. Ndipo akapaza sauti mpaka ikamkwaruza koo:

"Mzee Hussein! Maneno ni yako. Yaseme mwenyewe!"

Ghala likatulia. Mzee akasimama taratibu, akautazama uso wake mwenyewe pale ukutani.

"Nilisema hivi," akaanza. "Kisima cha baba yangu kilikuwa hapo. Hatukuibiwa na mtu. Tulilima mpaka ukingoni, tukang'oa matete yote, mto ukatufuata nyumbani."

Picha ikabadilika, akatokea Yared, mfugaji. Vichwa vyote vikageukia mlangoni. Yared aliishika fimbo yake kwa nguvu, kisha akapenya kati ya wakulima mpaka mbele.

"Mimi nilisema ng'ombe wetu nao wanabomoa kingo. Hawana njia ya kufikia maji, wanapita kila mahali. Mkitupa njia moja, tutapita hiyo hiyo."

"Rudia, mwanangu," Mzee Hussein akasema. "Huko nyuma hawajasikia."

Yared akarudia, safari hii kwa sauti kubwa, na ghala likalipuka kwa makofi. Kila sura iliyotokea baada ya hapo ilipata mwenyewe wa kuisemea. Filamu ilipoisha wakadai irudiwe, na Octavian akairudisha mwanzo huku akicheka. Magdalena alijiegemeza ukutani, machozi yakimtoka, asijali nani anamwona.

Wiki iliyofuata wakulima na wafugaji walipima pamoja njia ya ng'ombe, na pembezoni mwa mto wakapanda matete na migunga.

Masika ilipofika, Mto Miyombo ulijaa, ukanguruma usiku kucha. Alfajiri kijiji kizima kilikimbilia mtoni. Maji yalikuwa yamefika juu, mekundu, yamebeba magogo. Lakini ukingo ulikuwa umesimama, na mpunga nyuma yake ulikuwa kijani kibichi. Mzee Hussein alivua kofia yake. Magdalena akapiga kigelegele kimoja kirefu, na ng'ambo ya mto wafugaji wakakipokea.