Hatua Mia Moja

Ekari nyingi za kijiji chetu cha Issuna zimepimwa na miguu yangu mimi, Lazaro. Hatua sabini kwa sabini, ekari moja, na asiyeridhika akapime kwa miguu yake. Kwa hiyo binti yangu Felista alipoanza kuwaacha wenzake kwenye mbio za shule, sikumsubiri mtu. Kila mwaka, alizeti ikishavunwa, nilisafisha ukingo wa shamba, nikahesabu hatua mia moja, nikachomeka kigingi huku na kingine kule. Hizo ndizo zilikuwa mita mia zetu.

Mwaka wa kwanza saa ya simu ilisoma sekunde kumi na tatu na pointi tatu. Wa pili, kumi na mbili na pointi tisa. Mwaka huu, kumi na mbili na pointi nne. Shule ya michezo ilitaka kumi na mbili na nusu, na mchujo ulikuwa Jumamosi, mjini, Mandewa. Nilizunguka kijiji kizima nikijisifu, mpaka mke wangu akaniambia nifunge mdomo Jumamosi ipite kwanza.

Alhamisi akaja mwalimu wao wa michezo, Damari, na futi ndefu ya mafundi. Akaipitisha mara mbili toka kigingi hadi kigingi. Mita themanini na tisa.

Nilikasirika. Nilimwambia futi yake imevutika kwa jua. Hakubishana nami. Alikaa na Felista, akamweleza taratibu kwamba kasi ya binadamu ina mpaka. Mkimbiaji hodari, unyayo wake hugusa ardhi kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, na katika muda huo mdogo mguu unatakiwa uusukume mwili wote. Nyama ya mguu ina kiasi chake cha nguvu. Mazoezi humfikisha mtu kwenye mpaka wake, hayamvushi.

Felista akauliza wake uko wapi. Mwalimu akapiga hesabu kwenye daftari, akasema kwa upole kwamba kwa mita mia kamili ni kama kumi na tatu na pointi nane, na huenda hata mwaka ule wa kwanza ilikuwa hiyo hiyo, maana kupunguza karibu sekunde nzima kwa miaka miwili si rahisi.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilingoja mwanangu alie, au anigeuzie mgongo. Badala yake aliinuka.

"Baba, tembea kidogo nikuone."

Nikatembea. Vumbi lilishika nyayo zangu, naye akanifuata akikanyaga pale pale nilipokanyaga. Akasimama. Alisema mwaka wa kwanza ilimbidi aruke ili azifikie nyayo zangu, na sasa anazifikia kwa kutembea tu.

"Nyonga inakuuma tangu lini?"

Nikamwambia ni uchovu wa jembe. Akanitazama kama mama yake anavyonitazama nikidanganya. Nikakiri kwamba huu ni mwaka wa tatu.

"Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye naongeza kasi," alisema. "Kumbe wewe ulikuwa unapungua, na hukusema."

Hapo ndipo alipolia. Nami nikalia, mzee mzima, mbele ya mwalimu. Nilimwomba msamaha, nikamwapia kwamba kila mwaka nilihesabu mia kamili.

"Najua, baba. Nilikuwa nahesabu pamoja na wewe."

Jumamosi alikimbia Mandewa kwa nguvu zake zote. Kumi na tatu na pointi saba, mtu wa tano. Nafasi ya shule akaikosa. Nilimkumbusha mwalimu Damari kwamba mpaka wake umesogea kwa pointi moja, akacheka.

Nilidhani tunaelekea stendi, lakini Felista alikuwa ameshaamua twende hospitali nyonga ikaangaliwe. Njia ilikuwa ndefu na mguu ulikuwa mzito. Mwanangu, ambaye Issuna nzima hakuna anayemfikia kwa mbio, alitembea kando yangu mpaka mlangoni, na hakunitangulia hata hatua moja.